Ufadhili kwa mwanafunzi wa sheria anayetaka kuwa mkutubi

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Niko mwaka wa pili wa JD, shahada ya sheria ya Marekani, hapa Ohio, kwa viza ya mwanafunzi ya F-1. LL.B, shahada ya kwanza ya sheria, nilisoma Dar es Salaam. Uwakili wa mahakamani siuoni moyoni mwangu, napenda utafiti. Mkutubi wa chuo chetu ameniambia kazi kama yake naiweza, ila nitalazimika kusoma tena shahada ya ukutubi. Wazazi nimeshawamaliza kwa ada. Kuna ufadhili wa njia hii, au nisijisumbue?

Mdogo wenu, Ohio

---

Marahaba mdogo wangu. Jisumbue, tena mapema. Mimi ni mkutubi wa sheria, nakueleza ninayoyajua.

Maktaba nyingi za vyuo vya sheria Marekani zinataka mtu wa dawati la maulizo awe na JD pamoja na uzamili wa ukutubi kutoka programu iliyoidhinishwa na American Library Association. Ndiyo maana ufadhili upo kwa watu kama wewe: sheria unayo, ukutubi bado. Anza na American Association of Law Libraries, chama kilichoanzishwa 1906, makao yake Chicago. Kina fungu la wahitimu wa sheria wanaosomea ukutubi, na kuna ufadhili mwingine wenye jina la George A. Strait, kwa ajili ya watu wa jamii za wachache. Uanachama wa wanafunzi ni nafuu, jiunge sasa. Ila kabla hujaandika hata sentensi moja ya maombi, soma sharti la uraia na ukaazi. Wengi wetu hukwama hapo baada ya kusumbua maprofesa kwa barua za mapendekezo.

Ningekuwa wewe, macho yangu yangekuwa Tucson. Chuo Kikuu cha Arizona kina mpango ambapo mwenye JD anasomea ukutubi huku akifanya kazi ya malipo katika maktaba ya sheria ya chuo hichohicho, na ada anapata nafuu. Kwa mwenye F-1 hilo ni jambo kubwa, kwa sababu kazi ya ndani ya chuo unaruhusiwa hadi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Halafu unamaliza ukiwa umeshakaa dawatini, na waajiri wanalitazama hilo kuliko alama.

Kwenye barua yako usiifiche LL.B ya Dar. Maktaba kubwa zina wakutubi wa sheria za nchi za nje, na wanaoijua Afrika Mashariki ni wachache mno. Chukua mfano wa mtafiti anayeuliza kama mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi. Anayetegemea hifadhidata za kulipia peke yake atahangaika. Wewe utaanza na kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa 1963, uende kwa Ephrahim dhidi ya Pastory, uamuzi wa Mahakama Kuu kule Mwanza, kisha ufungue TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, uone mahakama zilisema nini baadaye. Bure kabisa. Wa Kenya utamfungulia Kenya Law, wa Uganda ULII. Na tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama Tanzania, anayesoma hukumu ya Kiswahili bila mkalimani ana thamani kwenye maktaba hizi. Liandike hilo waziwazi, usione haya.

Dada yenu, Arizona

---

Naongeza la kodi, maana limewaumiza vijana wengi. Uliza kwa maandishi: hela hii ni mshahara au ni posho ya ufadhili? Sehemu inayolipa ada ya masomo ya shahada kwa kawaida haitozwi. Posho ya kula na kodi ya nyumba inatozwa, na kwa F-1 ambaye bado si mkaazi kwa mambo ya kodi mara nyingi hukatwa asilimia 14, kisha unapewa fomu 1042-S inayoonyesha ulicholipwa na kilichokatwa. Kenya, Uganda na Tanzania hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo usitegemee nafuu ya huko.

Kaka yenu, Minneapolis

---

Asanteni sana. Je, nikimaliza JD nichukue OPT, ile ruhusa ya mwenye F-1 kufanya kazi baada ya masomo, kwanza nikusanye hela, ndipo niende ukutubi?

---

Hapo nenda polepole, mdogo wangu. Miezi 12 mipya ya OPT hutolewa unapopanda ngazi ya elimu, na uzamili baada ya JD unaweza usihesabiwe kuwa kupanda. Muone mshauri wa wanafunzi wa kigeni chuoni kwako kabla hujajaza fomu yoyote. Ukipata kazi ya moja kwa moja chuo kikuu, vyuo havimo kwenye kikomo cha mwaka cha viza ya kazi ya H-1B, kwa hiyo bahati nasibu ya kuigawa haikuhusu. Rasimu ya barua yako nitumie, nitaisoma.

Dada yenu, Arizona