Tupeane uzoefu: mliowavuta wake na waume zenu ng'ambo, na nyie mliovutwa, njooni mseme

BintiWete:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Nimeolewa, mume yuko Uingereza, mie nipo kwetu Wete na tumeshakubaliana anivute. Kila ninaemuuliza hapa ananambia "peleka tu karatasi utapata" au "kamuone fulani mjini ana mtu wake". Sitaki mtu wa mtu. Nataka walopita wenyewe waseme kipi kiliwachelewesha na kipi kiliwasaidia, hata wa Marekani, hata wa Canada, maana najua siko peke yangu, Pemba hii wapo wanawake wengi tu kafungishwa ndoa, fungate likesha mume karudi kazini, yeye kabaki kuulizwa kila harusi anayokwenda "unaondoka lini?". Tafadhali sema ulilopitia wewe, si ulilolisikia barazani.

mamaWawili:
Waalaykum salaam mdogo wangu. Mie nilivutwa na mume wangu, nakaa Uingereza na watoto wetu nimewazalia huku. Ntaandika kwa urefu maana maswali yako nilikuwa nayo na sikupata wa kunijibu.

Mwanzo kabisa ni mshahara wa mumeo. Tangu Aprili 2024 anatakiwa awe anaingiza si chini ya paundi 29,000 kwa mwaka, kabla ya hapo ilikuwa 18,600. Na si kusema tu, anatoa slipu za mshahara za miezi sita, stetimenti za benki zinazoonesha pesa ile ile imeingia, na barua ya muajiri. Kama anapokea baadhi ya posho za ulemavu au ya kumtunza mgonjwa hapo hesabu inakuwa nyengine, hawaiangalii hiyo 29,000. Muulize mapema bila ya haya, ni haki yako kujua. Wa kwangu mshahara ulikuwa haujafika, ikabidi abadilishe kazi kwanza, na muda wote ule watu kwetu wanasema nimeolewa na simu, nililia sana.

Halafu Kiingereza. Kwa kuingia wanataka daraja la A1, kusema na kusikiliza tu, si kigumu, ila mtihani uwe wa kituo wanachokitambua wao. Kama una digrii iliyosomeshwa kwa Kiingereza inakubalika lakini lazima ithibitishwe na taasisi yao inaitwa Ecctis. Cheti cha skuli hakisaidii hata kama masomo yalikuwa kwa Kiingereza.

Kipimo cha kifua kikuu ni lazima kwa anaetoka Tanzania, unakwenda Dar kwenye kliniki walioiidhinisha, na cheti chake kinafanya kazi miezi sita. Usikimbilie kupima mwanzo. Picha ya kifua ikiwa haiko wazi watakutaka makohozi, na majibu ya makohozi ni wiki kadhaa, kwa hivyo usipime siku za mwisho nako. Sie wa visiwani kila hatua ni boti, na wewe wa Pemba ni boti mbili, kwa hiyo hesabuni nauli na pa kulala pia.

Pesa ya afya, yaani ada ya kutumia hospitali za serikali huku, ndo inayowashtua wengi, paundi 1,035 kwa kila mwaka, unalipa ya miaka mitatu kwa mpigo, yaani paundi 3,105, mbali na ada ya viza yenyewe.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililonishika mie. Nilikuwa nimeshaolewa kabla nikaachwa, na talaka yangu ilikuwa kipande cha karatasi alichoandika yule bwana na mashahidi wawili wakatia saini. Kwetu imekwisha hiyo, eda nimekaa, mtaa mzima unajua, sheikh alienifungisha ndoa ya pili anajua. Lakini afisa wa viza mtaa wangu haujui, anachotaka ni hati ya serikali inayoonesha ndoa ya mwanzo ilivunjika lini. Nikarudi kwa Kadhi kuitaka isajiliwe, yule bwana keshahamia bara, shahidi mmoja keshatangulia mbele ya haki, ikawa kutafutana mpaka mama yangu akawa anasema basi mwanangu, labda si riziki yako. Hatimae ilipatikana. Dada zangu mlioachwa, hata kama hamna fikra ya ng'ambo, nendeni mkazisajili talaka zenu wakati aliewaacha bado yu karibu na mashahidi wapo hai. Nasema hivi kwa uchungu kabisa.

Ukishaingia, viza ya mwanzo ni miezi 33, unaongeza 30, miaka mitano ikitimia unaomba ukaazi wa kudumu, na Kiingereza kinapanda, A2 kwenye kuongeza na B1 kwenye ukaazi. Kufanya kazi unaruhusiwa tangu siku ya mwanzo. Misaada ya serikali hupati.

karafuu_kavu:
Mie ni wa Mkoani, nipo Marekani, nimemvuta mke wangu na yupo hapa alhamdulillah. Nina moja kubwa nataka kaka zangu walisome vizuri.

Wengi wetu tunaoa kwa wakala. Likizo hakuna, nauli ghali, basi unamuwakilisha ami yako anakupokelea ndoa msikitini wewe unasikiliza kwa simu. Kisheria kwetu ni ndoa timamu. Marekani hawaitambui ndoa ambayo mke na mume hawakuwa pamoja wakati inafungwa, mpaka ithibitike kwamba baada ya kufungwa mlikutana mkaishi kama mke na mume. Wakili alinambia kabla sijapeleka fomu yoyote, nikaenda nyumbani kwanza, tukakaa pamoja, tukafanya walima, nikaweka tiketi, mihuri ya pasi na picha za pamoja, ndo nikajaza ile I-130, fomu ya kumuombea mke. Na hata ukioa ukiwepo mwenyewe, kumbuka kwetu bwana harusi yuko msikitini na bibi harusi yuko ndani kwao, walii ndie anaeozesha. Mueleze wakili wako mila hiyo mapema, picha za msikitini ni za wanaume watupu na anaezitazama hajui kwanini.

Ukiwa raia wa Marekani mkeo hayumo kwenye foleni ya idadi ya viza za mwaka. Ukiwa na grini kadi tu, yaani ukaazi wa kudumu, anaingia foleni, na foleni hiyo inakwenda inasimama. I-130 ikikubaliwa faili linahamia kituo chao cha viza, unalipa, unapeleka hati, halafu unasubiri kuitwa ubalozini Dar. Dhamana ni fomu I-864, kipato chako kifike asilimia 125 ya kiwango chao cha umasikini kwa idadi ya watu wa nyumba yako, na ukipungukiwa unaweza kumuomba ndugu aliye raia au mwenye grini kadi akudhamini pamoja. Ila aelewe anachosaini, dhamana ile haivunjwi na talaka. Mkiachana leo bado inakuandama mpaka mke awe raia, au awe na hesabu ya kazi ya kama miaka kumi, au aondoke nchini moja kwa moja. Mtu asimsainie mwenziwe kwa kuona haya.

Kwenye intavyuu mke wangu aliulizwa nani walikuja kuposa, mahari kiasi gani, mie nafanya kazi zamu gani, nakaa na nani. Hakufundishwa, alijibu kwa sababu tulikuwa tunazungumza kila siku. Na kama ndoa haijatimia miaka miwili siku anayoingia, kadi yake ni ya miaka miwili, mnapeleka I-751, fomu ya kuondoa sharti hilo la miaka miwili, nyote wawili ndani ya zile siku 90 za mwisho kabla haijaisha. Wapo wanaoisahau hii.

mchaichai:
Kwetu sie yalikuwa majina. Mke wangu kazaliwa Micheweni nyumbani kwa mkunga, cheti cha kuzaliwa kilikuja ukubwani. Cheti kinasema Khamis, pasi inasema Hamis, cheti cha ndoa sheikh kaandika la baba bila ya la babu. Kila herufi ilitakiwa maelezo, kiapo kwa wakili, kurudi Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kusahihisha. Ziwekeni karatasi zote mezani usiku mmoja msome herufi kwa herufi kabla hamjalipa ada hata moja.

darajani_kwetu:
Samahanini nauliza, mke wa pili anaweza kuvutwa? Wa kwanza yuko nae huko huko.

mamaWawili:
Hapana kaka, Uingereza hawamruhusu mke wa pili kuingia kwa viza ya ndoa wakati wa kwanza yupo nchini kwa ndoa hiyo hiyo. Mwambieni bibie ukweli kabla posa haijapokelewa, si haki kumuweka mtoto wa watu miaka kwa ahadi ambayo sheria imeshaikataa.

karafuu_kavu:
Na Marekani vile vile.

baridi_kali:
Denmark huku sharti la mwanzo ni umri, wote wawili muwe mmefika miaka 24. Binti wa miaka 20 hata awe na karatasi safi vipi anasubiri. Ujerumani dada yangu alitakiwa apasi Kijerumani A1 kabla ya viza, akasoma akiwa Dar. Canada kwa mke au mume peke yake kwa kawaida hawana kiwango cha mshahara, ila unasaini kumkimu miaka mitatu.

pwani_mashariki:
Mie wangu ni kinyume, mume ndie mgeni na tumeamua kuishi hapa Unguja. Nimeumia kujua kwamba kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 mwanamke mgeni akiolewa na Mtanzania anaweza kuomba uraia kwa sababu ya ndoa, lakini mwanamme mgeni akinioa mie hana njia hiyo, anaomba tajnisi kama mgeni mwengine yeyote, na muda wote huu anakaa kwa kibali. Watoto wangu ni wa hapa, mimi ni wa hapa, baba yao kila kibali kikikaribia kuisha nyumba nzima hatulali. Sheria hii ibadilishwe. Na nyie mnaokwenda, mtu mzima akichukua uraia wa kule, ule wa Tanzania unampotea, uraia pacha hatuna, lizungumzeni na wazee kabla, hasa kama kuna shamba la mikarafuu la kurithi.

BintiWete:
Allah awalipe nyote. Mume nimemuuliza mshahara jana usiku, kanitumia slipu zote bila ya kununa, kiwango kapita. Jina la babu kwenye cheti changu cha ndoa kweli halipo. Suali la mwisho, cheti kiko kwa Kiswahili, natafsiri mwenyewe?

mchaichai:
Usitafsiri mwenyewe. Mpe mfasiri, aandike kwamba ni tafsiri sahihi ya hati ya asili, atie tarehe, jina lake kamili, saini na namna ya kumpata, kisha unapeleka na cha Kiswahili pamoja. Lakini kwanza jina la babu litiwe, ukitafsiri sasa hivi utalipa mara mbili.