Ndege ya pili ya rimoti baada ya ile ya kujifunzia: je, iwe ya kivita?

Ndugu wachangiaji, naleta jamvini swali ambalo limewagawa warushaji wa ndege za rimoti kwa muda mrefu: mtu aliyekwisha kuimudu ndege ya kujifunzia anunue ipi ya pili? Wapo wanaoshikilia kwamba siku hizi anaweza kwenda moja kwa moja kwenye mfano wa ndege ya kivita, Mustang au Spitfire, kwa sababu jairo, yaani kifaa cha kielektroniki kinachohisi ndege inavyoyumba na kuisawazisha chenyewe, kitamlinda. Mimi sikubaliani nao.

Ndege ya kujifunzia ina bawa la juu lililopinda kidogo kama herufi V, na ukiachia vijiti vya rimoti ikiwa imelala upande, taratibu hujiinua yenyewe. Kwa hiyo mwanafunzi humaliza mafunzo akijua kuielekeza ndege, lakini hajajua kuirudisha. Hilo ndilo somo la ndege ya pili: ukiilaza kulia, ibaki imelala kulia mpaka uinyanyue kwa mkono wako.

Ndege ya kivita inafundisha somo hilo, ila adhabu yake ni kali mno. Chukua ndege ya kilo 2 yenye bawa la desimita za mraba 40. Kila desimita hubeba gramu 50. Uzito huohuo ukiwekwa juu ya bawa la desimita 30, kila moja hubeba takriban gramu 67, na kasi ya chini kabisa ambayo ndege inaweza kuruka nayo hupanda kwa asilimia 15 hivi. Ukikata kona ukiwa umeilaza nyuzi 60 bila kupoteza kimo, kasi hiyo hupanda tena kwa asilimia 41. Isitoshe, bawa la Spitfire huwa jembamba kuelekea nchani, na ncha ikiishiwa nguvu ya kunyanyua kabla ya sehemu nyingine, ndege hupinduka ghafla.

Haya yalinikuta mimi mwenyewe. Mustang yangu ilikuwa katika kona ya mwisho ya kutua, kimo cha mnazi hivi, nami nikapunguza moto, yaani nguvu ya injini, kama nilivyozoea kwenye ndege ya kujifunzia. Bawa la kushoto likaanguka kabla kidole changu hakijasogea, na jairo ilikuwa imewashwa. Watetezi wa jairo hawalizungumzii jambo hili: bawa likianza kuanguka, kifaa hushusha eleroni ya upande huo, yaani kibao kinachochezacheza kwenye ukingo wa nyuma wa bawa, ili kulinyanyua, na kama bawa limekwisha kuishiwa nguvu, kitendo hicho huzidisha tatizo. Jairo husaidia sana dhidi ya upepo wa vishindo, lakini haiongezi kasi iliyopotea.

Ninachopendekeza ni ndege ya michezo ya kawaida, yenye eleroni na bawa pana lenye upana uleule kuanzia kiunoni hadi nchani. Mfano wake bora ni Ugly Stik, aliyoibuni Mmarekani Phil Kraft katika miaka ya 1960: haina sura ya kuvutia, bawa lake limenyooka, na inatengenezeka kwa mbao za balsa juu ya meza ya nyumbani. Inapinduka, inaruka kichwa chini, na bado hutua polepole.

Nakiri kwamba hoja ya upande wa pili ina uzito mahali pamoja. Wengi waliingia katika mchezo huu kwa kuipenda Mustang, na anayenyimwa anachokipenda huenda akaacha kabisa. Basi nawauliza mliovuka moja kwa moja kutoka bawa la juu hadi ndege ya kivita na ndege zenu zikadumu: zilikuwa na uzito gani, na mlikuwa mnaingia kona ya mwisho kwa moto kiasi gani?