Maegesho ya mashabiki wenye ulemavu uwanjani: mita 30 zinaingia magari mangapi?

KatibuTawi

Wakuu, salamu. Naomba msaada wa wanaojua haya mambo kwa vipimo.

Uwanja una viti 12,000 na eneo la kuegesha lina nafasi 320 kwa jumla. Menejimenti imekubali kutenga kipande kwa mashabiki wenye ulemavu: urefu mita 30, kina mita 12, kando ya jukwaa kuu, mita 40 hivi kutoka geti la karibu. Chini ni kokoto. Msimamizi wa eneo anasema atapiga mistari ya nafasi 12, kila moja mita 2.5, asimamishe bango lenye alama ya kiti cha magurudumu, basi.

Wanaoomba vibali ni mchanganyiko. Kuna wanaoendesha wenyewe, kuna wanaoletwa na vani yenye lifti ya ubavuni, na wengine wanatembea kwa magongo. Je, 12 inawezekana? Kibali apewe nani? Na siku ya mechi ni nini hasa huharibika? Tunatakiwa kupeleka mapendekezo kwa maandishi.

mpiga_mistari

Hizo 12 ni nafasi za kawaida zilizobandikwa bango. Gari lenyewe linatosha kwenye mita 2.5, kisichotosha ni mlango. Dereva anayehamia kwenye kiti cha magurudumu anahitaji mlango ufunguke mpaka mwisho na kiti kikae sambamba na gari. Jirani akishaegesha sentimita 60 kutoka kwako, huwezi kushuka. Na mabaya zaidi ni pale uliposhuka vizuri saa nane, ukarudi jioni ukakuta kuna gari limejibana pembeni. Huingii tena.

Kipimo kinachotumika Uingereza ni nafasi ya mita 2.4 kwa 4.8, ukanda wa mistari ya mshazari wa mita 1.2 ubavuni, na mwingine wa mita 1.2 nyuma ya gari ili anayetoa kiti kwenye buti asisimame kwenye njia ya magari. Kina chako kinakubali bila kubakiza kitu: 4.8 + 1.2 + njia ya magari mita 6 = 12.

Sasa urefu. Kila gari likiwa na ukanda kulia na kushoto, zinaingia nafasi 8: 8 × 2.4 = 19.2, kanda 9 × 1.2 = 10.8, jumla 30 kamili. Magari mawili yakichangia ukanda mmoja katikati, kila jozi inakula mita 6, unapata nafasi 10. Ila hapo kila gari lina upande mmoja tu ulio wazi. Watakuambia anayetaka upande wa pili aingie kinyumenyume. Sawa kwa gari dogo, lakini gari lenye rampu ya nyuma (njia ya mteremko ya kushushia kiti) likiingia kinyumenyume rampu inafungukia ukutani.

Kwa sababu una vani zenye lifti ya ubavuni, mimi ningeandika 7. Lifti ikishashuka, kiti kinahitaji nafasi ya kutoka mbele yake na kugeuka, na mita 1.2 haifiki. Kanuni za Marekani zinaruhusu nafasi ya vani iwe na ukanda wa karibu mita 2.4. Kwa hiyo: nafasi 7 × 2.4 = 16.8, kanda 5 za mita 1.2 = 6; kanda 3 za mita 2.4 = 7.2. Jumla 30 tena. Zile pana weka mbili miisho yote miwili na moja katikati, ili vani zinazofungukia kushoto na zinazofungukia kulia zote zipate pa kukaa.

Kokoto ziondoke. Magurudumu madogo ya mbele ya kiti huzama na kiti hupinduka mbele. Ncha ya gongo nayo huteleza. Mwaga lami au zege, mteremko usizidi 1 kwa 50 (kimo cha sentimita 1 kwa kila sentimita 50 za mwendo) kila upande, la sivyo kiti kinaondoka chenyewe wakati mtu anahama. Na juu ya kokoto hata rangi haishiki, mechi ya tatu hakuna mstari.

Pia angalia kizuizi cha urefu pale mnapoingilia. Vani yenye paa lililoinuliwa inahitaji mita 2.5 hadi 2.6. Ile bomba ya mita 2.1 inayowekwa kuzuia malori huwa haikumbukwi na mtu.

Kuhusu idadi: kwa eneo la magari 320, jedwali la Marekani linadai angalau nafasi 8, mbili zikiwa za vani. Mwongozo wa viwanja wa Uingereza unapendekeza 6%, yaani takribani 20. Sheria ya nchi yako ndiyo inayoanza, lakini kwa mechi ningeegemea hiyo 6%, maana watu wanafika wote ndani ya saa moja na kuondoka wote kwa dakika moja. Hakuna mzunguko kama dukani. Hiyo mita 30 iombeni kama awamu ya kwanza.

geti_la_pembeni

Amemaliza mistari, mimi nazungumzia siku ya mechi.

Kibali kitolewe kwa mtu, siyo kwa gari. Shabiki huyu wiki hii analetwa na kaka yake, wiki ijayo na jirani. Mkiandika namba ya gari kwenye kadi ya msimu, mmemfungia nje. Kadi iwe na namba yake ya usajili, na namba ya gari aitume kwa ujumbe kabla ya saa sita mchana, siku moja kabla ya mechi. Orodha hiyo iende sehemu tatu: kwa anayesimama kwenye maegesho, kwa polisi wanaofunga barabara ya kuingilia, na kwa msimamizi mkuu wa usalama. Ile ya polisi ndiyo husahaulika. Gari lina kibali halali, barabara imefungwa mita 600 kabla ya uwanja, na askari hajawahi kuiona hiyo kadi. Kadi ichapwe kubwa, isomeke kupitia kioo cha mbele, na rangi ibadilike kila msimu.

Nani apewe: yeyote ambaye hawezi kutembea umbali ule bila maumivu, hatari au msaada. Hiyo ni pamoja na mgonjwa wa moyo, wa mapafu, mwenye maumivu makali ya viungo, ambaye ukimtazama hana dalili. Kama nchi yenu ina kitambulisho cha ulemavu au kibali cha serikali cha kuegesha, kitumieni kama uthibitisho na msidai barua ya daktari juu yake. Mhudumu wa getini akague kadi tu. Swali la "mbona wewe unatembea?" lipigwe marufuku kwa maandishi.

Sasa kinachoharibika. Kwanza, saa moja kabla ya mechi linakuja basi dogo la wageni waalikwa, na mtu mwenye redio anasema "waweke pale kwenye buluu, ni mechi moja tu". Dawa yake ni kwamba nafasi isiyochukuliwa haiachiwi mtu mwingine mpaka mpira uanze, na mwenye mamlaka ya kuiachia ni mmoja anayetajwa kwa cheo. Pili, ule ukanda wa mistari ya mshazari unaonekana kama nafasi tupu, hivyo pikipiki zinajaa humo. Koni hazisaidii, maana mwenye gari hawezi kushuka kuziondoa. Kinachosaidia ni mhudumu aliyesimama hapo, asiyeitwa kwenda kuongeza nguvu geti lingine dakika kumi kabla ya mpira kuanza.

Tatu ni kutoka. Filimbi ya mwisho ikilia, maelfu ya watu wanakatiza hapo hapo. Msiruhusu magari yaanze kutembea katikati ya watu, wala msiwaambie wenye viti watoke dakika ya 80 "kuepuka msongamano". Wamelipia mechi nzima. Tengeni njia ya waenda kwa miguu kwa vizuizi vya chuma upande wa pili wa njia ya magari, zuieni magari mpaka umati upungue, na semeni tangu kwenye kadi kwamba kuna kusubiri. Mtu anayejua atasubiri hupanga dawa, maji na choo kabla.

Na wekeni sehemu ya kushushia, mbali kidogo na hizo nafasi, kwa wanaokuja kwa teksi. Hao hawahitaji kuegesha, ila wanahitaji ukingo ulioshushwa na mahali pa kukaa wakisubiri kuchukuliwa.

KatibuTawi

Nimeelewa 7. Mambo mawili yamebaki. Sakafu ya geti iko juu kwa sentimita 60, kuna ngazi nne na geti la kuzunguka (lile la vyuma linalopitisha mtu mmoja mmoja). Na ndani, menejimenti inataka kuwaweka wenye viti vya magurudumu chini kabisa, pembezoni mwa uwanja, "wauone mpira kwa karibu".

rampu_si_ubao

Sentimita 60: kwa mteremko wa 1 kwa 12 unahitaji rampu ya mita 7.2, kwa 1 kwa 20 ni mita 12. Kanuni za Marekani zinakubali 1 kwa 12 mpaka kimo cha sentimita 76 kabla ya kituo cha kupumzikia. Uingereza ni wakali zaidi, 1 kwa 12 wanairuhusu kwa mita 2 tu za urefu, 1 kwa 15 kwa mita 5, na 1 kwa 20 kwa mita 10. Ningechagua 1 kwa 20 ikikatwa vipande viwili vya mita 6, katikati kituo tambarare cha mita 1.5. Na juu, mbele ya mlango, kituo kingine cha mita 1.5, ili mtu asishike mlango huku kiti kinarudi nyuma. Reli pande zote mbili, ukingo mdogo chini unaozuia gurudumu kuchomoka, na upana mita 1.5 kwa sababu ni siku ya mechi. Atakayekuletea ubao wa mita 2 kwa kimo hicho amekupa mteremko wa karibu 1 kwa 3. Hapo hata watu wawili wakisukuma ni hatari.

Geti la kuzunguka halipitiki kwa kiti, halina marekebisho. Unahitaji mlango wa pembeni wenye uwazi halisi wa sentimita 80 au zaidi (pima ukiwa umefunguliwa, toka kwenye mlango wenyewe hadi fremu), bora mita 1. Mhudumu awe na mashine ya mkononi ya kusoma tiketi. Funguo za mlango huo ziwe kwa anayeusimamia, zisikae ofisini. Mlango huo ukianza kutumiwa na waandishi, wauza vinywaji na jamaa wa wachezaji, foleni yake itakuwa ndefu kuliko ya geti kuu.

jukwaa_la_kati

Hapo pembezoni mwa uwanja pakataeni. Macho ya mtu aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu yako kwenye mita 1.15 hivi kutoka ardhini. Mbele yake kuna mabango ya matangazo, benchi, wachezaji wa akiba wanaopasha misuli, wapiga picha. Anaona miguu ya upande wa karibu na vichwa vya upande wa mbali, mvua ni yake, na mpira uliopigwa nje hawezi kuukwepa.

Kosa la pili, ambalo wengi huliona suluhisho, ni kuwapandisha kwenye safu ya katikati bila kuinua sakafu. Goli likinukia tu, safu ya mbele inasimama. Mtu aliyesimama ana mita 1.75 au 1.8, toa 1.15, unahitaji sentimita 60 hadi 65 kwa kichwa peke yake, na kwa kuwa jicho linatazama chini kuelekea mstari wa pembeni, inaongezeka. Mara nyingi unaishia karibu na mita 1 ya tofauti kati ya sakafu yake na ya safu iliyo mbele. Wanaoruka hili husema "tutawaomba watu wakae". Kwenye mpira?

Jaribio halina gharama: mtu akae kwenye kiti mahali panapopendekezwa, mwingine mrefu asimame safu ya mbele, wa tatu aweke koni kwenye mstari wa karibu, kisha kwenye kona zote mbili. Koni isipoonekana, mahali hapo hapafai. Angalieni pia reli ya mbele; ikikaa usawa wa jicho inafuta nusu ya uwanja.

Kila nafasi iwe upana sentimita 90, kina mita 1.4, bila kuhesabu njia ya kupita nyuma. Kiti cha msaidizi kiwe ubavuni. Nyuma hapafai, hakuna atakayezungumza na mwenzake kwa dakika 90 akigeuza shingo. Na zisikusanywe zote upande wa wenyeji: shabiki wa timu ngeni akishangilia goli la timu yake katikati ya wapinzani, hilo limekuwa suala la usalama.

Idadi ya nafasi za viti vya magurudumu, kwa uwanja mpya wa watu 12,000: mwongozo wa Uingereza ni 100 kwa watu 10,000 wa mwanzo na 5 kwa kila 1,000 ya ziada, yaani 110. Kanuni ya Marekani ni 36 kwa 5,000 na 1 kwa kila 200 inayozidi, yaani 71. Uwanja wa zamani hautafika huko kwa msimu mmoja, ila andikeni tarakimu, msiandike "za kutosha".

geti_la_pembeni

Nyongeza fupi kwa maandishi yenu. Choo kinachofikika kimoja kwa kila nafasi 15 za viti vya magurudumu, kisizidi mita 40 kutoka hapo, ndani angalau mita 1.5 kwa 2.2, na kisiwe stoo ya mafagio. Ile kamba nyekundu ya kuomba msaada ifike sentimita 10 kutoka sakafuni. Wafanya usafi huifunga fundo juu ili isilowe, na aliyeanguka haifikii.

Kama kuna lifti, ulizeni kama inaruhusiwa kutumika wakati wa moto. Nyingi haziruhusiwi, kwa hiyo lazima kuwe na eneo salama la kusubiria na watu waliotajwa kwa zamu, wenye mafunzo ya kushusha kiti kwa ngazi. Kiti kizito cha umeme hakishushwi kwa mikono. Mtu huhamishiwa kwenye kiti maalumu cha uokoaji, na hicho kiwe kwenye jukwaa hilo hilo, kisifungiwe kwenye kabati la chumba cha huduma ya kwanza.