Bendi za hapa Unguja zinazopiga laivu nyimbo zao wenyewe, mnazipata wapi?

mtu_wa_kwerekwe
Asalaam alaykum wana Zenji. Naomba mnielekeze. Nataka kuanza kufatilia bendi za vijana wa hapa hapa, wale wanaopiga laivu nyimbo zao, sio kuwekewa biti mtu akaimba juu yake, nataka fidla, udi, gitaa, ngoma, watu wanatoka jasho. Mdogo wangu wa kike anajifunza fidla na kila akiniuliza "kaka twende wapi tukaangalie" mie jibu sina, huku Mwanakwerekwe posta za shoo hatuzioni, unakuja kuona video insta na shoo yenyewe ishapita. Kiingilio tutalipa, ila pawe pahala naweza kwenda nae na usiku usiwe mkubwa mno. Na kabla ya Ramadhani kuna shoo gani za kuwahi?

fidla_na_mkwasa
Waalaykum salaam yakhe. Usifate ukumbi, fata wapigaji. Wapigaji wa mjini ni wale wale, huyu wa besi leo unamkuta na bendi hii kesho yuko na ile, ukishawajua watatu wanne ukawafolo basi status zao za wasap ndo kalenda yako.

Kwa kuanzia watafute Tarajazz, jina lenyewe linakwambia, taarab na jazz chungu kimoja na fidla iko mbele, mdogo wako atafurahi. Siti and the Band nao, skiza albamu yao ya 2018 kabla hujaenda. Na kama unataka kusikia kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ikipigwa na mtu anaeijua basi Rajab Suleiman na Kithara yake. Wengi wa hawa wamesoma au wamefundisha pale chuo cha muziki cha DCMA, kilichoanza 2002, na kwa mtu anaejifunza hakuna kama kuangalia wanafunzi wenzie wanapopiga mbele ya watu, kwa hivyo hilo uliulizie.

Kuhusu kuwahi, tamasha la muziki la Sauti za Busara huwa Februari, Ngome Kongwe, na miaka hii Ramadhani nayo imesogea huko huko kwa hivyo mambo yanabanana, angalia tarehe mapema. Wenyeji tiketi yetu ni rahisi kuliko ya wageni. Watu wengi wanakwenda kwa ajili ya jina kubwa la mwisho, mie nakwambia nenda jioni mapema, bendi za kwetu mara nyingi ndo zinapewa saa zile na uwanja uko nusu. Inaniuma kila mwaka.

besi_ya_ngambo
Nasema kama mpigaji. Posta huzioni kwa sababu kazi zetu nyingi ziko kwenye mapaa ya hoteli na mikahawa ya ufukweni, mgeni analipia chakula na muziki umo humo, sasa mwenye hoteli atangaze Mwanakwerekwe kwa ajili gani. Na wale wageni wanataka zile nyimbo mbili tatu za "karibu Zanzibar", nyimbo zetu tunazichomeka katikati wakiwa wanakula. Kuna hoteli moja kule kaskazini tulikubaliana bei vizuri, tumefika na vyombo, gari tushalipa, usiku unaambiwa wageni wachache leo chukueni nusu. Utafanya nini na spika ushashusha?

Sasa ukitaka kufanya shoo yako mwenyewe ya watu wa hapa, kuna ukumbi, kuna saundi, kuna kibali cha BASSFU, lile baraza la sanaa, na watu wakija wanataka waingie bure kwa sababu wanakujua. Wakati watu hao hao kwenye taarab anainuka bibi kajitanda kanga anakwenda stejini kumtunza muimbaji mpaka noti zinaanguka chini! Kwetu wanakaa wameinua simu. Kwa hivyo kaka ukija lipa, na tukipiga nyimbo mpya usitoke kwenda kununua urojo, ile ndo tumeifanyia mazoezi.

shoga_wa_malindi
Jamani na wazee msiwaruke. Vikundi vya taarab, Ikhwani Safaa ipo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958, hawa vijana wote mnaowataja wameinywa huko. Na kwa huyo binti, mtafutie Tausi, kikundi cha taarab cha wanawake, kimeanzishwa 2009 na Bi Mariam Hamdani, wanawake wanashika vyombo wenyewe. Zamani mwanamke kazi yake ilikuwa kuimba tu, fidla na kanuni ni za wanaume. Mtoto wa kike akimuona mwanamke mwenzie na fidla begani hiyo ni zaidi ya masomo.

Kidumbaki nacho, ile taarab ya mitaani ya kuchezeka, usikidharau, nenda harusi za Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, na mashamba, fidla, sanduku la besi, ngoma ndogo mbili za vidumbaki, vijiti vya mkwasa na kayamba za cherewa, hakuna kiingilio na fidla inapigwa kwa kasi hiyo! Akiweza kuifata ile ataweza chochote.

chake_chake_ndo_kwetu
Kila mada ya muziki inaishia Mji Mkongwe. Sie Pemba tunaona nini? Sikukuu Tibirinzi panajaa watu mpaka barabarani, bendi moja tu ya hizo mlizotaja ikaja siku ile watu wangeimba nayo. Najua gharama, meli mpaka Mkoani, vyombo, malazi. Lakini malazi watu watatoa majumbani mwao, nasema kweli, na wapiga msewe, ngoma yetu ya huku, wakipanda steji moja na nyie mtapata kitu ambacho Forodhani hakipo. @besi_ya_ngambo njoo inbox tulizungumze.

besi_ya_ngambo
@chake_chake_ndo_kwetu nakuja sasa hivi. Nauli ya watu sita na vyombo tukiipata kazi imekwisha.

mtu_wa_kwerekwe
Ahsanteni sana nyote, Mungu awabariki. Mdogo wangu kasoma mpaka mwisho, anauliza Culture pale Vuga wakiwa mazoezini mtu wa nje anaingia?

shoga_wa_malindi
Fika jioni, piga hodi, salimia wakubwa, sema mtoto anajifunza. Kama siku hiyo mazoezi yapo watakwambieni mkae. Simu weka mfukoni mpaka uombe ruhusa ya kurekodi, na muondoke kabla daladala za kwerekwe hazijaadimika.