Mbwa gani anafaa nyumba yenye watoto hapa Mombasa?

MamaNeema_Utange
Habari zenu wapendwa. Jumamosi naenda kuchukua mbwa, kuna mtu ameniwekea wawili, German Shepherd na Labrador, wote wana wiki 7 na ataka jibu kabla ya Ijumaa. Baba watoto ataka German juu ya wezi, watoto wanamlilia Labrador juu ya video za kwenye simu. Mimi mwenyewe sijawahi kufuga hata paka. Yupi hatauma watoto?

KasriLaTudor
Dada umeuliza nusu swali. Watoto wana miaka mingapi? Una ua ama ni fleti? Mchana nani yuko nyumbani? Mbwa si friji useme ni ipi haili stima.

Chuma_Likoni
German, na usiulize tena. Wangu ana miaka 6, mwanangu alijifunza kutembea akimshika masikio na hajanguruma hata siku moja. Ila usiku mtu aguse geti uone.

KasriLaTudor
Wako mmoja si wote bwana. Yule ni mbwa wa kuchunga kondoo, ndo kazi aliyozalishiwa kule Ujerumani, ukimkalisha bure atachunga watoto, wakikimbia na yeye nyuma yuwawauma visigino. Na kabla hujatoa pesa uliza wazazi wake nyonga zao ziko vipi, huu ukoo waugua nyonga sana.

Chuma_Likoni
Labrador naye haugui nyonga? Na ale atakavyo, utafuga pipa.

bi_bamburi
Mimi ntakupa kisa changu. Mwaka juzi nilichukua pug, yule wa pua bapa, nikaambiwa mpole kwa watoto na wallahi alikuwa mpole, alikuwa alala ndani ya beseni la nguo na wanangu wamfunika leso kama mtoto mchanga. Sasa ikawa Februari, kaskazi yenyewe, watoto wakatoka naye saa tano mchana hadi ufuo wa Pirates kucheza mpira mchangani. Kurudi yuwakoroma hali yuko macho, nikacheka, mana kukoroma ni kawaida yake. Kuangalia ulimi umekuwa zambarau, mate yanamtoka mazito kama uji. Nikammwagia maji, nikaita tuktuk, daktari wetu yuko Tudor, tukakwama daraja la Nyali nyuma ya lori la kokoto, binti yangu ampepea na kifuniko cha hotipoti. Akafia hapohapo. Daktari akanambia mbwa hatoki jasho kama sisi, ajipoza kwa kuhema, na pua ile fupi haimpi nafasi. Aliyeniuzia hakunambia neno. Mpaka leo binti yangu hali chakula kilichotoka kwa hotipoti ile.

KasriLaTudor
Pole sana bi. Na kuna watu waleta husky hapa pwani, mbwa wa theluji. Ni dhambi.

Abu_T
Tukizungumza dhambi, mbwa wa ulinzi ni sawa lakini akae nje. Sisi Waislamu wa madhehebu ya Shafii chombo alicholamba chaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mtoto mdogo akilambwa mikono kutwa utaosha mpaka saa ngapi?

Chuma_Likoni
Yakhe, mama yuwaitwa Mama Neema, wampa fiqhi ya nini?

Abu_T
Majirani zake je? Na wewe usikoroge, hata Wamaliki hawaoni mate yake ni najisi, najua. Nimesema akae nje tu.

sindano_mtwapa
Nafanya kazi kwa daktari wa mifugo. Wiki 7 ni mapema, mwache na mama yake afike 8. Chanjo ya pavo, ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa, yaanza wiki ya 6 hadi 8, yarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16, ya kichaa akifika miezi 3. Mtoto wa chini ya miaka 5 usimwache na mbwa peke yao, awe wa aina gani, hasa mbwa akila. Mtoto akiumwa na mbwa, sabuni na maji ya bomba dakika 15 na hospitali siku hiyohiyo, msimpake pilipili wala mafuta ya taa.

MamaNeema_Utange
Asanteni jamani. Watoto ni wa miaka 2 na 7. Tuko ploti, nyumba nne geti moja, twapanga. Mwenye nyumba bado sijamwambia.

KasriLaTudor
Hapo ndo ungeanzia!!!

mwana_wa_changamwe
Chukua koko tu. Wangu nilimuokota Mikindani, ala vichwa vya papa na ugali, kupe wa pwani hawamtishi.

sindano_mtwapa
Kupe hawaulizi ukoo. Juzi tu tumepokea koko ufizi mweupe kama karatasi, damu imekwisha.

mwana_wa_changamwe
Sasa wapaka dawa gani? Mie naoga naye baharini.

bi_bamburi
Chumvi haiui kupe, mwanangu.

MamaNeema_Utange
Mwenye nyumba kasema nimpigie baada ya swala ya Ijumaa. Tatizo baba watoto ashalipa dipoziti.

Chuma_Likoni
Dipoziti ya mbwa ama ya nyumba ingine?