Mafundi mnaouza programu ya "kurudisha nyuma" na kuiita bakapu (nakala ya akiba), mnatuumiza watu

Wakuu, salamu baadaye. Leo naandika kwa hasira na naomba mniache nimalize.

Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu hapa mtaani. Tuko wanachama 31, wengi ni kina mama wa biashara ndogondogo, tunakutana kila Jumamosi jioni. Hisa zinagongwa mihuri kwenye vitabu vya wanachama, lakini marejesho ya mikopo, faini na mfuko wa jamii vyote nilikuwa naviandika kwenye Excel, kwenye kompyuta ya nyumbani. Jumapili ya tarehe 9 Machi nilimwita fundi aje kupiga Windows upya maana mashine ilikuwa nzito. Alipomaliza akaniambia kuna kitu kizuri anataka kuniwekea. Maneno yake nayakumbuka: "Bosi, ukiwa na hii huhitaji tena bakapu. Virusi viingie, mtoto afute kila kitu, wewe unazima, unawasha, unabonyeza kitufe kimoja, mashine inarudi kama leo." Nikamlipa 60,000 juu ya hela ya Windows, nikamshukuru na chai akanywa.

Inarudi kama leo. Aliniambia ukweli mtupu na mimi sikuusikia.

Alhamisi ya tarehe 10 Julai, baada ya apdeti, printa ikagoma na mashine ikawa inaganda kila dakika tano. Nilikuwa na ripoti ya kuchapa kwa ajili ya kikao cha Jumamosi. Nikampigia. Alikuwa Kibaha kwenye kazi nyingine, hana muda: "Rudisha nyuma tu bosi, dakika mbili." Nikazima, nikawasha, nikabonyeza kitufe alichonielekeza. Ikaja orodha yenye mstari mmoja tu: 9 Machi, 16:42. Ikaniuliza kama nina uhakika. Nikakubali. Na kweli, dakika mbili. Mashine ikawaka nyepesi kabisa, printa ikachapa karatasi ya majaribio bila tatizo. Nikafungua daftari la kikoba. Mstari wa mwisho: 8 Machi, mwanachama namba 31, faini ya kuchelewa, 1,000. Chini yake, vyumba vitupu vya Excel.

Nikafunga nikafungua tena. Nikaangalia Recycle Bin, nikatafuta kwa jina la faili, nikatafuta kwa tarehe. Hakuna faili hata moja kwenye ile kompyuta lililozaliwa baada ya tarehe 9 Machi. Vikao 17 kwa watu 31 ni mistari 527, yote imekwenda. Picha za kipaimara cha binti yangu, ambazo nilizihamishia humo kutoka kwenye simu iliyojaa na kuzifuta kwenye simu siku ileile, nazo zimekwenda. Mke wangu aliniuliza usiku kama zile picha zipo, nikashindwa kumjibu.

Fundi akaja kesho yake. Badala ya kukaa chini afikirie, akaing'oa ile programu "ili tuanze upya". Programu za aina hii ukiziondoa zinakuuliza unabaki na hali ipi, zile nyingine zote zinatupwa. Akachagua iliyopo mbele yake. Nilipompelekea mashine fundi mwingine, anayeokoa data, aliuliza swali moja tu: hii ni SSD au diski ya kuzunguka? Ni SSD, diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka. Akanirudishia. Akanieleza kwamba Windows ikishaiambia SSD kuwa kipande fulani hakina kazi tena, SSD yenyewe inakisafisha kimyakimya, mashine ikiwa imewaka tu. Kwenye diski za zamani faili lililofutwa linakaa mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwenye SSD usitegemee hivyo. Huyo angalau hakunichukulia hata shilingi.

Sasa niseme kinachoniuma kuliko hizo 60,000.

Humu jukwaani kila wiki kuna mtu anaomba ushauri wa bakapu, na kila wiki majibu ni yaleyale: "washa System Restore", "weka ile programu ya kurudisha nyuma", "weka Deep Freeze ulale usingizi". Hivyo ni vitu vitatu vinavyofanya kazi tofauti kabisa, na hakuna hata kimoja kinachotunza faili zako! Mnajibu kwa mstari mmoja, mnaondoka, mtu wa watu anakwenda kupoteza maisha yake.

System Restore ya Windows, ambayo ipo tangu Windows Me ya mwaka 2000, inarudisha mfumo: draiva (programu zinazoendesha vifaa kama printa), rejista (mipangilio ya Windows), programu ulizoweka. Nyaraka na picha zako haizigusi. Kwa tatizo langu la printa hiyo ndiyo ingenifaa, maana ingeng'oa ile apdeti na daftari langu lingebaki lilivyo. Lakini mtoto akifuta folda ya picha, System Restore haitaileta. Tena kwenye kompyuta nyingi unakuta imezimwa, na mtu anagundua siku anayoihitaji. Na hao wanaofunga faili za watu kwa kudai fidia, mara nyingi jambo la kwanza wanalofanya ni kufuta alama zote za kurudia, yaani zile hali za tarehe fulani zilizohifadhiwa kwenye diski. Ziko kwenye mashine hiyohiyo, kwa nini wasizifute?

Hizi programu za kurudisha diski nzima, kama niliyouziwa mimi, ni kinyume chake. Zinakamata diski yote ilivyo saa ile, na zikirudi zinarudi na kila kitu: mfumo, daftari, picha, barua. Ukiwa na alama ya jana unapoteza siku moja. Ukiwa na alama moja ya Machi na leo ni Julai, unapoteza miezi minne. Fundi wangu aliweka alama moja, akazima ile ya kila siku "ili isile nafasi", na hakunieleza. Na hata zingekuwa alama mia, zote zinakaa ndani ya diski ileile. SSD ikifa, au kompyuta ikiibwa, au umeme ukirudi kwa kishindo ukaiunguza, unabaki na alama gani?

Deep Freeze ndiyo sitaki hata kuisikia ikitajwa kwa mtu wa nyumbani. Hiyo ni ya intaneti kafe na maabara za shule. Kazi yake ni kufuta kila kilichofanyika kila mashine inapozimwa na kuwashwa, isipokuwa sehemu uliyoiacha wazi kwa makusudi. Mwanafunzi anaandika tasnifu yake kwenye desktop, umeme unakatika, anawasha, hakuna kitu. Halafu mnamwambia alale usingizi.

Na wale wa "weka kwenye Google Drive mkuu, yameisha". Hayajaisha. Bure ni GB 15 kwa Google, GB 5 kwa OneDrive, na kwa bando letu kupandisha picha za familia ni kazi ya wiki. Zaidi ya hapo, folda iliyounganishwa ni kioo: ukifuta huku inafutika na kule. Pipa la taka linashika siku 30, basi. Kwa daftari dogo la Excel inasaidia sana, sikatai, na sasa hivi daftari la kikoba liko huko pia. Lakini isiwe mahali pekee.

Tangu Julai nimesoma na kujaribu mpaka macho yanauma, kwa hiyo nitasema nilichoamua. Nimetenganisha kazi mbili ambazo fundi alinichanganyia. Ya kurekebisha mfumo ukiharibika: System Restore imewashwa, nimeiangalia mwenyewe, na kabla ya kuweka draiva yoyote naweka alama kwa mkono. Ya kulinda faili: diski ya nje ya TB 1 na File History, ambayo ipo tangu Windows 8 na kwa kawaida inanakili kila saa diski ikiwa imechomekwa. Uzuri wake inaweka matoleo ya nyuma ya faili moja moja, kwa hiyo naweza kulichukua daftari la Jumamosi iliyopita bila kugusa kitu kingine. Nikimaliza naichomoa na kuifungia kabatini. Diski inayokaa imechomekwa mwezi mzima itakufa pamoja na kompyuta siku radi ikipiga.

Na mara moja kwa mwezi nachukua imeji, yaani nakala kamili ya diski nzima, kwa Rescuezilla, ambayo inawaka kutoka kwenye fleshi na ni ya bure. Clonezilla nayo ni ya bure na imara, ila menyu zake za maandishi zinatisha, na kwa kawaida inataka diski unayorudishia iwe sawa au kubwa kuliko ya mwanzo. Ile ya Windows yenyewe ya kutengeneza imeji bado ipo kwenye Control Panel, lakini Microsoft waliacha kuiendeleza tangu 2017, kwa hiyo sikutaka kuanza nayo leo. Wanaoendelea kumshauri kila mtu Macrium Reflect ya bure, programu nyingine ya imeji: toleo la bure lilifungwa rasmi tarehe 1 Januari 2024. Mnachowapa watu sasa ni nakala iliyovunjwa kutoka kwenye fleshi ya rafiki. Programu inayosoma diski yako yote, paswedi zako, kila kitu, unaichukua imevunjwa na mtu usiyemjua?

Nikiwa kwenye fleshi: hizo za "TB 2" zinazouzwa elfu ishirini ni uongo. Nilinunua moja. Niliipima kwa H2testw, programu ya kupima ukubwa halisi wa fleshi, usiku kucha, ikaonyesha GB 30 tu ndizo za kweli, kinachozidi hapo kinaandikwa hewani bila onyo lolote. Pimeni kabla ya kuweka chochote. Na kama diski ya nje imefomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani, imeji kubwa inaweza kugoma maana faili moja haliwezi kuzidi GB 4. Na Windows 11 nyingi mpya zinakuja diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows lenyewe. Chapeni ile namba ya kuifungulia yenye tarakimu 48 kwenye karatasi leo, kwa sababu ukigusa mfumo Windows inaweza kuidai, na fundi hanayo.

Kwa mafundi mlioko humu, ombi langu ni moja tu. Ukishamwekea mteja chochote unachokiita bakapu, kaa naye, tengeneza faili la majaribio, lifute, lirudishe mbele ya macho yake. Dakika kumi. Fundi wangu angefanya hivyo siku ile ya Machi, ningeuliza mwenyewe: na kazi ya leo itakwenda wapi?

NYONGEZA: Wanaouliza nimerudishaje hesabu. Hisa nimezitoa kwenye mihuri ya vitabu. Marejesho nimeyatafuta ujumbe mmoja mmoja wa miamala kwenye simu, na picha ambazo katibu alikuwa anapiga karatasi za kikao na kutuma kwenye kundi. Faini zimepatikana nusu. Mama mmoja anayeuza vitumbua alileta daftari lake la shule, ameandika kwa penseli kila siku aliyolipa tangu Machi, na hesabu yake imekubaliana na yangu mpaka shilingi ya mwisho. Wengine wanne tunatofautiana kuhusu mkopo wa Mei na Juni. Wawili hawanisalimii. Jumamosi tunakaa tena.