Msaada wa mbali ofisini unakwama kuanzia saa nne asubuhi, tatizo liko wapi?

afisa_tehama_dom
Wakuu, habari za kazi. Ofisi iko Dodoma mjini, kompyuta 38, rauta MikroTik (RouterOS 7), faiba ya 20 Mbps kushusha na 5 kupandisha. Tuna tawi Mpwapwa linalotumia rauta ya 4G. Watumishi tunawahudumia kwa AnyDesk (programu ya kuona na kuendesha kompyuta ya mtu kutoka mbali), wa jengo hili na wa tawini. Mpaka saa tatu asubuhi mambo safi. Kuanzia saa nne hadi saa kumi jioni kishale kinafuata mkono baada ya sekunde mbili, picha inaganda, mara inakata kabisa. Nikipima kasi napata 18 Mbps, na mtoa huduma anasema laini nzima. Mpwapwa ni kero siku nzima. Bosi anataka tupande kifurushi cha 50 Mbps. Kitasaidia?

NkuhunguNet
Usilipe kwanza mkuu. Hiyo 18 ni ya kushusha. Msaada wa mbali unauawa na ucheleweshaji, na skrini ya mtumishi inatoka ofisini kwa njia ya kupandisha, ile ya 5.

Saa tano fungua madirisha mawili ya cmd (dirisha la amri la Windows) upime muda wa jibu kwa ping. Moja `ping -t` kwenda kwenye rauta yenu, la pili `ping -t 8.8.8.8`, seva ya Google huko nje. Rauta ikijibu chini ya 1 ms, halafu 8.8.8.8 ikaruka kutoka makumi ya ms asubuhi hadi mamia mchana, hapo ni foleni kwenye modemu. Hesabu yake: bafa (sehemu ambayo data inasubiria zamu) ya KB 500 ikijaa ni kilobiti 4,000, na kwa 5 Mbps zinachukua sekunde 0.8 kutoka. Kila unapobofya unasubiri nyuma ya mafaili ya watu wengine. Saa nne ndipo skana zinapoanza kazi na nyaraka zinapandishwa kwa wingi.

Dawa ni kuihamishia foleni kwenye rauta yako, ambako unaweza kuipanga. Weka kikomo kwenye asilimia 90 ya kasi halisi, kwa aina ya foleni inayoitwa cake, inayogawa zamu kwa haki:

`/queue type add name=cake kind=cake`
`/queue simple add name=ofisi target=192.168.10.0/24 max-limit=4500k/16M queue=cake/cake`

Badilisha anwani iwe ya mtandao wenu. Namba ya kwanza ni ya kupandisha. Ukizigeuza utaua intaneti ya ofisi nzima.

Waya_Nane
Sawa, lakini usiruke waya. Kwenye kompyuta inayolalamikiwa andika `Get-NetAdapter` ndani ya PowerShell uangalie LinkSpeed. Swichi ni ya gigabiti, kadi ni ya gigabiti, halafu unaona 100 Mbps? Kuna jozi ya nyaya imekufa ndani ya kebo. Gigabiti inataka jozi zote nne, 100 inajitosheleza na nyaya 1, 2, 3 na 6, ndiyo maana mtu anafanya kazi miezi bila kujua. Waya mwingi wa bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba: kwangua uzi mmoja kwa kisu, ukiona weupe ndani usiupitishe ukutani.

Kingine: kama kuna mtu aliwahi kulazimisha porti ya swichi iwe 100 Full (kutuma na kupokea kwa pamoja) huku kompyuta ikibaki auto (kujipangia yenyewe), kompyuta itaangukia half (kutuma na kupokea kwa zamu). Ping ndogo zitaonekana nzuri, ila kunakili faili kutatambaa. Rudisha pande zote auto.

Na fungua Task Manager kabla ya kulaumu mtandao. Mashine ya RAM 4 GB yenye diski ya kuzunguka, feni imejaa vumbi la Dodoma, haiwezi kubana picha ya skrini kwa wakati hata ukiipa 100 Mbps.

afisa_tehama_dom
Nimepima. Rauta 1 ms, 8.8.8.8 inafika 740 ms. LinkSpeed ni 1 Gbps kwenye zote nilizogusa. Nimeweka foleni ya NkuhunguNet, hakuna kilichobadilika, hata kaunta ya foleni karibu haisogei.

NkuhunguNet
FastTrack hiyo, njia ya mkato ya kupitisha data haraka ndani ya rauta. Kwenye mipangilio ya kiwandani ya MikroTik imewashwa, na trafiki inayopita humo hairuki tu ukuta wa moto, inaruka na foleni pia.

`/ip firewall filter disable [find action=fasttrack-connection]`

CPU ya rauta itapanda kidogo. Kwa 20 Mbps si kitu. Miunganisho iliyokuwa wazi tayari itaendelea kukwepa, kwa hiyo washa rauta upya.

Kibaigwa_Junction
Nyongeza kwa watu wa jengo hilohilo. Fungua `resmon` (Resource Monitor ya Windows), sehemu ya Network, tazama anwani ambayo AnyDesk imeunganishwa nayo. Kama si ya 192.168 yenu, picha inatoka nje kwenye seva ya kati na kurudi, wakati mtumishi yuko mlango wa pili. Unganisha kwa anwani ya IP ya ndani badala ya ile namba ndefu ya AnyDesk, na ruhusu porti ya TCP 7070 kwenye ukuta wa moto wa Windows.

Mpwapwa ni ugonjwa mwingine. Angalia anwani ya WAN (upande wa intaneti) ya rauta ya 4G: ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mko nyuma ya NAT ya mtoa huduma (wateja wengi mnachangia anwani moja ya nje, hamfikiki moja kwa moja), na mara nyingi mtaishia seva ya kati. Kama Dodoma mna IP ya kudumu ya nje, weka WireGuard (VPN, yaani handaki salama kati ya ofisi mbili): fungua porti ya UDP 51820 Dodoma, tawi ndilo lianzishe muunganisho, keepalive (ishara ya kuuweka hai) kila sekunde 25. Tawini weka rauta inayokubali WireGuard nyuma ya ile ya 4G. Hapo AnyDesk au RDP (Remote Desktop ya Windows) unaipeleka kwa IP ya ndani ya tawi. Hata laini zikikutania Dar, faiba ya Dodoma hadi Dar kwenda na kurudi inakula kama 5 ms tu. Kinachobaki ni cha 4G yenyewe.

RDP ikiingia halafu ikabaki skrini nyeusi huku ping inapita, ni MTU (ukubwa wa juu wa pakiti moja ya data). Jaribu `ping -f -l 1392` kupitia handaki, punguza kumi kumi mpaka ipite, jumlisha 28, hiyo ndiyo MTU ya kuweka kwenye WireGuard pande zote mbili. Na tafadhali, msifungue porti ya RDP, 3389, moja kwa moja kwenye intaneti kwa sababu ya haraka.